Nataka ngazi ya do-re-mi iwe kwenye simu za wanakwaya. Nianzie wapi?

BesiWaIringa

Wakuu, habari za jioni. Swali langu ni refu kidogo, mnivumilie.

Nafundisha kwaya ya parokia huku Iringa. Tuko 31 tukija wote, na hatujawahi kuja wote. Mazoezi ni Jumatano na Jumamosi saa kumi na moja jioni. Wimbo mpya ukiingia natoa kopi za nota, nagawa, halafu nashughulika na sauti moja moja mpaka washike. Tangu watu wawe na simu janja nimejirahisishia: napiga kila sauti kwenye kinanda, narekodi, natupia kwenye kundi la WhatsApp. Watu wanasikiliza huku wanapika, Jumamosi wanakuja wameshika.

Wameshika kweli, ila kikasuku. Kopi mkononi wanayo, lakini macho yanasoma maneno tu; zile d r m za juu wanaziruka kama mtu anavyoruka vigezo na masharti. Nikibadilisha noti mbili tu mwishoni mwa wimbo, nusu saa imekwenda, kwa sababu hakuna anayejua alikuwa amesimama wapi kabla sijabadilisha.

Mfano halisi. Tuna wimbo mmoja, do ni G, mstari wa tatu alto (sauti ya chini ya wanawake) wanatakiwa wapande m f fe s. Ile fe (fa iliyopandishwa nusu) haijawahi kufika. Wanaigusa kwa chini, sol inakuja imelegea, soprano nao wanawafuata kwa upole wa Kikristo, na tukifika kiitikio kwaya nzima imeshuka. Kinanda kikiingia hapo, waumini wanainua vichwa.

Wiki tatu zilizopita nilichoka kuimba, nikachukua chaki. Nikachora ngazi ubaoni, do chini, do juu, vidato nikavipanga kwa umbali wake wa kweli: do na re nafasi nzima, re na mi nafasi nzima, mi na fa nusu, kisha nafasi nzima tatu mpaka ti, halafu nusu tena kuingia do ya juu. Fe nikaichomeka katikati ya fa na sol. Nikawa nagusa kwa fimbo, wao wanaimba. Mama mmoja wa alto, aliyekuwa kwenye kwaya hiyo kabla yangu, akasema: "Mwalimu, kumbe mi na fa ni majirani? Mbona kwenye karatasi wamekaa mbali kama wengine?"

Sikuwa na jibu. Kweli, kwenye karatasi herufi zote zimeachana sawasawa. Macho yake yamedanganywa miaka yote hiyo na mimi ndiye niliyemgawia kopi.

Ngazi yenyewe si uvumbuzi wangu. Sarah Glover, mwalimu wa Norwich huko Uingereza, alifundishia watoto kwa ngazi ya aina hii karne ya 19, na John Curwen akaichukua njia yake miaka ya 1840 akaiendeleza mpaka ikawa hii solfa (nota za herufi d r m) tuliyoletewa na wamisionari. Kwao chati ilitundikwa ukutani, mwalimu anaelekeza kwa fimbo. Sisi herufi tulizipata. Chati sijaikuta ukutani popote nilipofundisha.

Sasa nataka chati hiyo iwe tovuti. Mwanakwaya aifungue kwenye simu, aguse kidato, asikie. Awekewe sauti yake, aone nukta inapanda na kushuka ngazi. Na mwalimu wa kwaya nyingine naye aweze kupandisha wimbo wake. Mpwa wangu anasoma mambo ya kompyuta Dodoma, ameshaniandalia ukurasa mmoja ambao ukigusa kidato kinalia. (Kabla yake nililipa kijana mmoja laki mbili. Akaniletea picha ya kinanda chenye funguo nyeupe na nyeusi, akabadilisha namba ya simu.)

Ninachouliza. Nibaki na ngazi au nipeleke watu kwenye nota za mistari mitano moja kwa moja? Simu iwasikilize na kuwaambia wamekosea, au hiyo ni hatari? Na kushirikishana nyimbo kukae vipi, maana bando la wanakwaya wangu ni la shilingi mia tano?

fundi_kivinjari

Mwalimu, shikamoo. Nipo Mombasa, tovuti ndiyo kazi inayonilisha, na Jumapili napiga gitaa la besi, kwa hiyo umenigusa pande zote mbili.

Naanza na bando kwa sababu hilo ndilo litakaloua kazi yako. Rekodi ya dakika tatu kwa ubora wa kawaida ni karibu MB 3. Sauti nne ni 12. Usitume rekodi hata moja. Kivinjari cha simu kinajua kutengeneza mlio chenyewe. Wewe unakipa namba tu. Noti A ya kati kwenye kinanda ni mitetemo 440 kwa sekunde. Kila nusu toni unayopanda, zidisha kwa 1.0595, ukizidisha mara 12 unafika 880, yaani A ya juu yake, oktava imekamilika. Kwa hiyo wimbo mzima unaweza kusafiri kama maandishi, na maandishi ya sauti nne hayafiki hata ukubwa wa picha moja ya maua ya "habari za asubuhi".

Na hapa solfa imekupa zawadi ambayo sidhani umeiona. Curwen alitaka nyimbo zipigwe chapa kwa herufi za kawaida ili ziwe rahisi bei. Nukta mbili kutenganisha mapigo, nukta moja kugawa pigo nusu, mkato kugawa robo, kistari kuvuta. Vyote hivyo vipo kwenye kibodi ya simu! Mwanakwaya anaweza kuandika

d :r |m :– |f :fe |s :–

ndani ya WhatsApp, akanakili, akabandika kwenye tovuti yako, na nukta ikaanza kupanda ngazi. Ndiyo kushirikishana kwako huko: hakuna akaunti, hakuna nywila, hakuna kupakia. Mistari mitano ingekulazimisha utengeneze kihariri cha nota, na hiyo ni kazi ya mwaka. Baki na ngazi. Anayetaka mistari mitano programu zipo tayari, MuseScore ni ya bure.

Maikrofoni: iache kwanza. Nimeungua hapo mwenyewe. Vivinjari, vikiombwa maiki, mara nyingi huwasha uchujaji wa kelele bila kukuambia, kwa kuwa maiki hiyo imekusudiwa mazungumzo. Sasa mtu anayevuta "aaaa" bila kutikisika, kwa kichujio ni feni. Baada ya sekunde mbili tatu kinaanza kumfifisha. Niliwahi kuhangaika jioni nzima nikidhani dada aliyekuwa akinijaribia amekosa pumzi. Unaweza kukizima kwenye msimbo, ila sharti ukumbuke, na simu nyingine hazitii.

Halafu kuna kosa la oktava. Besi akiimba mitetemo 110, maiki ndogo ya simu huishika vizuri zaidi ile 220 iliyo ndani ya sauti yake, na mashine inamwandika kuwa tena (tenor, sauti ya juu ya wanaume). Mwambie mzee wa besi kwamba yeye ni tena uone.

Kuimba pamoja mtandaoni kwa wakati mmoja, sahau kabisa. Sauti hewani hutembea kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kuchelewa milisekunde 30 ni sawa na mwenzako kusimama mita kumi kutoka kwako. Mtandao wa simu unachelewa zaidi ya hapo, na hedifoni za Bluetooth peke yake zinaweza kupita milisekunde 100. Kila mtu atakuwa anamsubiri mwenzake na wimbo utalala.

Mwisho, mambo mawili madogo yatakayokupa simu za usiku: kivinjari hakitatoa mlio mpaka mtu aguse kitu kwanza, kwa hiyo weka kitufe kikubwa cha ANZA, na ukurasa uhifadhiwe kwenye simu ufunguke hata bila mtandao.

MpigaUdi_Unguja

Asalaam aleykum. Miye si mtu wa kwaya, lakini hiyo ngazi yenu nimeitazama nikaona ina vidato 12 tu na imefungwa misumari. Mtu wa taarabu ataipanda vipi?

Chukua maqam (ngazi ya muziki wa Kiarabu) iitwayo Rast. Senti za muziki ni mia kwa kila nusu toni: mi yenu ya kinanda iko senti 400 juu ya do, mi iliyoshushwa iko 300. Mi ya Rast haiko huku wala kule, inakaa kwenye 350 hivi. Mwaka 1932 wanamuziki na wataalamu walikutana Cairo kwenye mkutano wa muziki wa Kiarabu, na moja ya mambo waliyobishania ni hiyo kuigawa oktava mafungu 24 sawasawa. Wapigaji wenyewe kidole hakisikii hesabu. Mmoja anaikalisha juu kidogo, mwengine chini, na hapo ndipo unapomtambua fundi wake. Udi hauna vizuizi shingoni, kidole kinasimama popote. Kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ina vile vijiti vidogo vya kuinua na kushusha waya, mpigaji anavigeuza wimbo ukiwa unakwenda.

Hatukuzaliwa nayo hiyo, tuliifuata. Inaelezwa kwamba Sultan Barghash ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kanuni, na Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu cha hapa Unguja, ikaasisiwa 1905. Nataka kusema tu kwamba vijana wetu wanaokuja kujifunza wameshajaa kinanda masikioni. Namwambia imba Rast, ananiimbia meja, yenye ile mi ya 400. Nikimshusha, anaangukia maina, yenye ile ya 300. Katikati hapaoni, kwa sababu hajawahi kupaona kwa macho.

Kwa hiyo ombi langu: vidato viwe vya kusogezwa kwa kidole. Nimshike mi, nimteremshe taratibu mpaka niseme "hapo hapo", nimfungie, na yule kijana aende nao nyumbani.

ngoma12

Mnazungumzia juu na chini tu. Mapigo je? Hayo d :r |m :– ni mistari, na ngoma haina mwanzo wala mwisho, inazunguka. Chora duara lenye nukta 12, jaza saba kwa mwendo huu: 2 2 1 2 2 2 1. Huo ndio mdundo wa kengele unaojulikana sana Afrika Magharibi na Kati. Sasa mwalimu ihesabu ngazi yako kuanzia do. Nafasi nzima ni 2, nusu ni 1.

BesiWaIringa

@ngoma12 nimehesabu mara tatu nikidhani unanitania. Do re mi fa, 2 2 1. Sol la ti do, 2 2 2 1. Aisee.

@fundi_kivinjari marahaba kijana. Nimempelekea mpwa wangu maelezo yako kama yalivyo, amejibu kwa neno moja tu, "mbinguni". Kwamba solfa inaandikika kwenye simu naijua, naandika kila siku. Kwamba hiyo yenyewe ndiyo faili sikuwaza.

@MpigaUdi_Unguja waaleykum salaam. Umenipa kazi lakini umenifungua. Kumbe hata fe yangu ningeweza kuwaonyesha kwa kuisogeza badala ya kuifokea.

AltoMsumbufu

Mimi ni alto, si wa kwaya yako mwalimu, usianze kuchunguza. Niko Mbeya.

Niwaambie kinachotokea upande wetu, maana mnaongea kama mafundi wanaojenga jiko bila kumuuliza anayepika. Sauti yangu nikiletewa peke yake kwenye simu naishika vizuri sana. Nyumbani naiimba mpaka watoto wanaijua. Jumamosi nikisimamishwa jirani na soprano, imepotea. Sijaisahau! Ni kwamba nilijifunza kuiimba nikiwa mwenyewe ndani ya nyumba, na sasa kuna mtu ananipigia kelele sikioni akiwa kidato cha juu yangu, na mguu wangu unamfuata.

Kwa hiyo nukta moja haitoshi. Nataka nukta nne kwa pamoja kwenye ngazi moja. Nimwone soprano yuko sol, mimi niko mi, nimwone anaruka kwenda do ya juu na mimi nimebaki palepale mi. Alto tunaishi kwa kubaki palepale, na hakuna anayetusifia. Na sauti zao niweze kuzipunguza na kuziongeza: leo soprano kidogo, kesho zaidi, mpaka siku nitakapoweza kumsikia anapiga kelele zote na mimi sitikisiki.

Pili, msije mkaweka X nyekundu. Kuna programu ya kujifunza muziki niliijaribu, kila nikikosea inatoa mlio kama wa mlango wa benki. Mume wangu chumba cha pili anauliza kuna nini. Niliifuta siku hiyohiyo.

fundi_kivinjari

Dada umemaliza. Nukta nne si kazi ngumu, ni maandishi manne badala ya moja. Zisitofautishwe kwa rangi peke yake, kuna watu nyekundu na kijani kwao ni kitu kimoja, na kwenye jua la saa nane rangi zote za simu ni kijivu. Mpe kila mmoja umbo: soprano duara, alto mraba, tena pembetatu, besi msalaba au chochote kile. Vidato vya kusogeza vya sheikh nitavitafutia nafasi, ila viwe nyuma ya kitufe, la sivyo wanakwaya watavihamisha kwa bahati mbaya na kesho yake mwalimu atalaumu kinanda.

BesiWaIringa

Nimerudi baada ya wiki mbili. Tumeijaribu Jumamosi.

Mpwa wangu alikuja Ijumaa na basi, tukakesha. Walikuja watu 22. Saba walikuwa na simu za kitochi, wakaungana na wenzao, na wawili wawili kwenye simu moja ikawa bora kuliko nilivyopanga, maana mmoja anagusa, mwingine anaimba, wanabishana.

Kitufe cha ANZA kilitusaidia. Nukta nne zilileta kicheko. Watu wa tena walikuwa hawajui kwamba kwenye mstari wa pili wanapishana na alto, wanapanda juu yao kwa pigo moja na kurudi. Miaka miwili wamekuwa wakijihisi wamekosea hapo, wanapunguza sauti. Siku hiyo walipaimba kifua mbele.

Fe sasa. Niliweka alto wanne, f fe s, nikawaambia wasiimbe kwanza, waguse tu. Juu, chini, juu, chini. Halafu waimbe. Mara ya tatu ilifika. Nilikwenda kwenye kinanda kuhakikisha na sol ilikuwa sol. Yule mama aliyeniuliza habari za majirani alikunja kopi yake akaiweka kwenye mkoba.

Ila tumepata tatizo ambalo hakuna aliyelitaja hapa. Baada ya nusu saa, besi walikuwa wameganda kwenye kioo. Nukta ikipanda wanapanda, nukta ikikwama (simu moja ilikuwa ya zamani, ikawa inakwamakwama) na wao wanakwama. Nilizima simu zote, wakaimba vibaya kuliko Jumatano. Yaani nimewatoa kwenye ukasuku wa sikio nikawaingiza kwenye ukasuku wa jicho. Nikakaa kwenye benchi nikacheka mwenyewe.

Mpwa wangu akapata wazo palepale, akaliandika wakati tunakunywa chai. Kitufe kinaitwa FUNIKA. Raundi ya kwanza unaona ngazi yote na nukta. Ya pili nukta inaondoka, vidato vinabaki. Ya tatu vidato vinaondoka, inabaki do peke yake chini, kama taa ya mlangoni. Ya nne kioo kiko cheusi, unaimba, ukimaliza unagusa na kinakuonyesha ulitakiwa kuwa wapi mwishoni. Unajilinganisha mwenyewe kwa sikio, hakuna maiki wala X.

Tuliwajaribisha besi. Raundi ya tatu ndiyo iliyowatoa jasho, na ya nne waliimaliza wakiwa sawa na do, wakapigiana makofi kama wamefunga goli.

Swali lililobaki ni moja. Raundi ya tatu, ile do inayobaki iwe inalia kwa chini muda wote, au iwe picha tu? Mpwa wangu anasema ilie. Mimi naona ikilia watajishikiza kwayo.

MpigaUdi_Unguja

Ilie. Kwetu nako mwimbaji akianza kutafuta njia, kuna mtu anamshikia noti ya chini asipotee. Wala hatuoni kama anaibiwa kitu.

AltoMsumbufu

Ilie, lakini niweze kuizima mwenyewe. Na nitumieni hiyo anwani, Jumatano nina mazoezi.

fundi_kivinjari

Mwambie mpwa wako anitumie msimbo usiku huu niangalie kwa nini ile simu ya zamani inakwama. Nadhani anachora ngazi nzima upya kila pigo. Huku umeme upo mpaka sasa.